Tusiwe Kikwazo kwa Walio Wadogo

Neno "kikwazo" tumelizoea hata hatulihofu tena. Tukilisikia, twafikiria ulevi wa katekista au ugomvi wa wanakwaya. Lakini Bwana alipowaonya wanaowakosesha wadogo wamwaminio, alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Jambo hili basi si dogo.

Mtume Paulo alikutana nalo Korintho. Baadhi ya Wakristo walikula nyama iliyotolewa kwa sanamu, wakijua kwamba sanamu si kitu. Paulo hakuupinga ujuzi wao. Aliwakumbusha habari za ndugu mwenye dhamiri dhaifu, ambaye akiwaona wameketi mezani huko, atajipa moyo kutenda lile ambalo dhamiri yake yalikataa. Kumbe Mkristo hamalizi anapouliza, "Je, nimeruhusiwa?" Yampasa aulize pia, "Anayenitazama atajifunza nini?"

Sisi nasi tuna nyama yetu ya Korintho, nayo ni fedha za wanasiasa katika harambee zetu. Kila uchaguzi unapokaribia, mgeni huja Misani na bahasha. Twampa kiti cha mbele, kisha kipaza sauti. Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia ajua kwamba hajamuuza mtu. Kanisa lahitaji mabati, na mkono mtupu haulambwi. Huenda dhamiri yake ni safi. Lakini nyuma kabisa ameketi mjane aliyetoa shilingi 20. Yeye ajifunza kwamba hata mbele ya altare mwenye fedha ndiye mwenye neno. Na kijana aliyekataa hongo ya kampeni aona kuwa Kanisa lake limepokea kile alichokikataa yeye. Naye akipokea kesho, ni nani kati yetu atakayethubutu kumwonya?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kuwa uzito wa kikwazo huongezeka kwa mamlaka ya anayekwaza na kwa udhaifu wa anayekwazwa. Kwa hiyo sisi viongozi wa walei tutadaiwa zaidi.

Mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto: shilingi 600,000 za kwaya na watoto, na shilingi 2,000,000 za nyumba ya mapadre. Wapo waliosikitika, maana mahitaji yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, twaamini kwamba uamuzi ule ulifundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Hatusemi kwamba mwanasiasa hana haki ya kutoa. Akiwa mwamini, na atoe kama waamini wengine: kikapuni, bila kutangazwa. Nasi halmashauri tusome hesabu zote mbele ya waamini, tusimpe mwanasiasa nafasi ya kuhutubia wakati wa ibada, na harambee zetu tuzianzie katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ambamo shilingi 20 ya mjane ina heshima yake.

Tujihadhari pia na kikwazo cha pili, yaani kumwanika sokoni kiongozi aliyekosea. Bwana alituagiza tumwendee ndugu kwanza faraghani, kisha pamoja na mashahidi, na mwisho mbele ya Kanisa. Anayeruka hatua hizo aweza kusema kweli tupu na bado akawakimbiza wengi kutoka katika imani. Lakini anayenyamaza kabisa, akisingizia amani, humwacha ndugu yake apotee.

Katika mkutano ujao wa Jumuiya yenu, jiulizeni kwa unyofu: ni nani ameacha kuja kusali nasi, na je, ni tendo gani letu lililomwondoa? Mkimtambua, msimngoje arudi mwenyewe. Mwendeeni nyumbani, mkamwombe msamaha. Mabati yatapatikana, hata yakichelewa. Imani ya mdogo ikivunjika, hatuna harambee ya kuijenga upya.