Bei ya Haki Isiyoandikwa kwenye Jedwali

Bunge likijadili ada za mahakama, macho yote huenda kwenye jedwali la viwango. Lakini ongezeko kubwa la bei ya haki huku kwetu Geita na Shinyanga lilipita bila jedwali lolote kuguswa. Mwaka 2021 wabunge walipitisha marekebisho ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, na mabaraza ya kata yakanyang'anywa uwezo wa kuamua. Sasa yanasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, shika njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya hapo, mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 uliamuliwa pale pale kata, na wakili hakuruhusiwa kusimama humo kama wakili. Mfikirie mama wa Nyarugusu ambaye shemeji yake, akishanusa dhahabu, amesogeza mpaka wa shamba. Alikwenda kwa miguu na mashahidi wake, akaeleza, na wajumbe waliweza kwenda kuitazama minyaa ya mpaka kwa macho yao. Leo mama huyo anadaiwa ada ya kufungua shauri, malipo ya mtu wa kumwandikia maombi, nauli ya kwenda mjini, nauli na chakula cha mashahidi. Kisha shauri linaahirishwa. Mwenye duara anaweza kungoja tarehe kumi; mama ana mihogo ya kupalilia.

Najua utetezi. Wajumbe hawakusomea sheria, na maamuzi yao yalifutwa kwenye rufaa kwa sababu akidi haikutimia au wanawake watatu wanaotakiwa hawakuwapo. Ni kweli. Basi wafundisheni, walipeni. Kwa nini gharama ya udhaifu wa serikali aibebe mama? (Bunge hilo hilo, mwaka huo huo, lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ili haki imsogelee mwananchi.)

Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Samatta ilifuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kesi ya uchaguzi kusikilizwa. Sharti lile lilikuwa na namba, likapingika. Nauli ya mashahidi haiandikwi kwenye sheria yoyote, kwa hiyo hakuna wa kuifuta.

Waheshimiwa mnaotuwakilisha: rudisheni uamuzi wa milioni 3 kata, au agizeni baraza la wilaya lije kukaa Nyarugusu.