Kesho ya Kaab bin Malik na daftari la mjomba



Mjomba wangu, Allah amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa mbao mwenye kumbukumbu kali. Aliijua kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na hesabu zote alizihifadhi kichwani. Mkewe alipomwomba aandike madeni na amana za watu, alimjibu kwa upole kwamba ataandika Ijumaa, akishatulia. Hata daftari alilinunua. Alipofariki, siku ya tatu ya matanga alikuja mtu mwenye heshima zake, akatueleza kwa unyenyekevu kwamba alikuwa akimdai marehemu fedha za shehena ya mbao. Yeye hakuwa na karatasi, wala sisi hatukuwa nayo. Daftari tulilikuta kabatini. Ukurasa wa kwanza uliandikwa Bismillah na tarehe ya miaka minne nyuma. Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu.

Wanawe waliamua kulipa. Lakini mjane hakupata utulivu. Fedha hazikumliza; alilizwa na kutojua kama mumewe amelala kaburini na deni jingine, la mtu aliyeona haya kuja kudai.

Mjomba hakuwa mvivu. Alifungua duka kabla jua halijachomoza. Basi ni kipi kinachomfanya mtu mchapakazi, mcha Mungu, mwenye kuipenda familia yake, aahirishe ukurasa mmoja kwa miaka minne? Wanazuoni wetu wameiita tabia hii taswifu, neno litokanalo na herufi ya Kiarabu yenye maana ya "nita-": nitaandika, nitalipa, nitatubu. Na mfano wake ulio wazi zaidi tunao katika kisa cha sahaba mtukufu, Kaab bin Malik (r.a.), alichokisimulia mwenyewe na kikapokewa na Bukhari na Muslim.

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria. Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya Tabuk, safari ndefu katika joto kali, wakati matunda yakiiva Madina na vivuli vikipendeza. Kaab hakuwa mnafiki. Alikuwa miongoni mwa waliokula kiapo cha Aqaba. Wala hakukosa uwezo: anasema hajawahi kuwa na nguvu na wasaa kama wakati ule, na kwa mara ya kwanza alimiliki wanyama wawili wa kupanda. Kila asubuhi alitoka kwenda kujiandaa, na kila siku alirejea bila kufanya lolote, akijiambia kwamba analiweza jambo hilo wakati wowote atakao. Jeshi likaondoka. Akajiambia atajiandaa kwa siku moja au mbili kisha awafuate. Siku zikapita, wenzake wakawa mbali. Alipotembea mjini aliumia, kwa kuwa hakuwaona waliobaki ila wenye kutuhumiwa unafiki na wanyonge wenye udhuru.

Tulitafakari neno hilo la Kaab: naweza. Sisi hudhani kwamba mtu huahirisha kwa kuwa hawezi. Mara nyingi huahirisha kwa kuwa anaweza. Jambo lililo ndani ya uwezo wetu twaliona kama mali iliyo mfukoni, ambayo itakuwepo kesho kama ilivyo leo. Mjomba aliiamini kumbukumbu yake, na ni kweli ilikuwa kali. Alichosahau ni kwamba itazikwa pamoja naye.

Sababu ya pili imefichika zaidi. Mwaka 2013 wataalamu wa saikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba mwenye kuahirisha, aghalabu, hukimbia hisia nzito iliyofungamana na kazi na kutafuta nafuu ya papo hapo. Kuandika madeni si kazi ngumu kwa mkono. Ugumu wake uko moyoni. Kunamkumbusha mtu mauti, aibu ya deni la zamani, na hofu ya watoto kuanza kuulizana nani atapata nini. Majumbani mwetu tumeongeza na neno "uchuro". Mke akiuliza habari ya wasia, huambiwa anamtakia mumewe kifo. Basi daftari hufungwa, moyo hupata nafuu ya usiku mmoja, na kesho yake uzito hurudi ukiwa umeongezeka.

Nafuu hiyo huivisha nguo nzuri. Mmoja husema haraka haraka haina baraka, ilhali jambo lenyewe limengojwa miaka. Mwingine husema Insha Allah, ilhali moyoni ameshaamua kutofanya. Tumefundishwa kuitaja matakwa ya Allah tunapoazimia la kesho ili tujue kwamba kesho si yetu. Kuligeuza neno hilo kuwa pazia la kujifichia ni kulidhulumu.

Tiba ni ipi? Turejee kwa Kaab. Mtume (s.a.w.) aliporudi, watu wapatao themanini na kitu walimwendea kwa nyudhuru na viapo. Kaab alijua kusema, kwani alikuwa mshairi, lakini alikiri kwamba hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, walisuswa na watu kwa siku hamsini, mpaka ilipoteremka toba yao katika Surat Tawba. Ukweli ndio uliomwokoa. Nasi tuanzie hapo. Aliyeahirisha asiseme "sikupata nafasi" kama nafasi aliipata. Aseme: niliweza, na sikufanya. Kauli hiyo inauma, lakini hufunga mlango wa udhuru, na mlango huo usipofungwa hakuna azimio litakalosimama.

Hatua ya pili ni kuipunguza kazi. "Kuandika wasia" ni jambo kubwa linalotisha. "Kuandika majina ya wanaonidai" ni mistari michache. Aanze na hiyo: nani anamdai, kiasi gani, na nani anajua. Usiku mwingine aandike anaowadai na amana alizowekewa. Usiku wa tatu aandike anachotaka kuusia, akikumbuka kwamba wasia hauzidi theluthi ya mali, na wala hauandikiwi mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, kwa hiyo ukurasa ule wa kwanza ndio wenye haki ya kutangulia.

Hatua ya tatu ni kuifunga kazi kwenye wakati usiohama. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mwenye kuazimia lini na wapi atatenda hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Muislamu ana nyakati tano kila siku ambazo hazimsubiri. Asiseme "wiki hii". Aseme: leo nikimaliza sala ya Isha, kabla sijainuka kwenye mswala, nitaandika jina la kwanza. Na kalamu aiweke hapo tangu Magharibi.

Hatua ya nne ni shahidi. Mume na mke wakae pamoja, kila mmoja na daftari lake, maana mke naye ana mali, ana madeni na ana amana. Wakifanya pamoja, neno uchuro halina pa kukaa. Ukurasa ukikamilika, mashahidi wawili waadilifu waujue na mahali ulipo pajulikane. Kwa walioko Tanzania, wasia unaweza pia kuhifadhiwa RITA.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia hapaswi kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko kwake. Abdullah bin Umar (r.a.), aliyeipokea hadithi hiyo, alieleza kwamba tangu aisikie haukumpitia usiku mmoja bila wasia wake kuwa naye. Hakungoja Ijumaa, wala hakungoja atulie.

Daftari la mjomba ninalo mimi sasa. Kwa muda mrefu nililitunza kama kumbukumbu, huku madeni yangu mwenyewe nikiyahifadhi kichwani, kama yeye. Nami niliweza, na sikufanya. Wiki iliyopita, baada ya Isha, nililifungua ukurasa wa pili nikaandika jina la kwanza. Ni fundi aliyeniezekea paa, nami nilikuwa nimebakiza malipo yake. Asubuhi nilimpelekea haki yake. Aliniambia alikuwa anaona haya kuniuliza.

Wabillahi tawfiq.