Kwenda Kuiona Nchi ya Mababu

Katika mwaka wa 1883 Bwana Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mitano, alipita na msafara wake katika nchi ya Wamasai, akafika Ngong, mahali palipo leo katika Kaunti ya Kajiado. Wengi hudhani kwamba alikuwa Mwingereza, lakini sivyo. Alikuwa Mskoti, mtoto wa fundi wa mawe wa kijiji cha Penpont. Baada yake Waskoti wengine walikuja Kenya, wamisionari, wakulima na mafundi, na hata leo wako watu katika nchi hii ambao babu zao walitoka huko.

Watu hao, kama ndugu zao wa Canada na New Zealand, wanayo desturi moja ya kupendeza. Mtu akipata nauli hufunga safari kwenda kupaona mahali alipozaliwa babu yake. Kumtafuta babu wa Kiskoti si kazi ngumu sana, maana tangu tarehe 1 Januari 1855 serikali ya huko imeandika kila kizazi, ndoa na kifo, na kabla ya hapo viko vitabu vya makanisa. Mzee wa Kajiado hana haja ya vitabu hivyo. Atauliza ukoo, kama ni Ilmolelian au Iltaarrosero, kisha atauliza rika la baba na la babu, Ilnyangusi, Ilterito, Iltareto, na kwa marika hayo atahesabu miaka bila kukosea sana.

Lakini kulijua jina la babu ni jambo moja, na kuikuta nchi yake ni jambo jingine. Mgeni anayekwenda kaskazini ya Uskoti mara nyingi hukuta mawe matupu. Zamani watu wa milima ile waliishi kwa koo, nao waliamini kwamba nchi ni ya ukoo mzima. Katika karatasi, hata hivyo, nchi ilikuwa mali ya mkubwa wao peke yake. Ilipoonekana kwamba kondoo wa Cheviot wanaleta faida kubwa kuliko kodi za wakulima maskini, wenye karatasi waliwaondoa watu. Katika bonde la Strathnaver waliondolewa mwaka 1814 na tena mwaka 1819, na nyumba nyingine zilitiwa moto. Msimamizi mmoja, Patrick Sellar, alishtakiwa mwaka 1816, akaachiliwa.

Wengine waliofukuzwa kutoka mabonde ya Langwell na Berriedale walijenga kijiji cha Badbea, juu ya genge la bahari. Upepo wa huko ni mkali hata husimuliwa kwamba akina mama waliwafunga watoto na mifugo kwa kamba wasije wakapeperushwa baharini. Mmoja wa wazaliwa wa Badbea alihamia New Zealand mwaka 1839. Mwanawe akaja kujenga mnara pale kwa mawe ya nyumba iliyobomoka, akachora majina ya watu wa kijiji. Mnara huo ulijengwa mwaka 1911, na mwaka huo huo mkazi wa mwisho aliondoka.

Msomaji wa Kajiado hawezi kuusikia mwaka wa 1911 bila kushtuka. Tarehe 4 Aprili ya mwaka huo ndipo yalipotiwa sahihi mapatano ya pili ya Wamasai, ingawa yale ya 1904 yaliahidi kwamba Laikipia itakuwa yao muda wote watakaokuwapo. Watu na ng'ombe wao walihamishiwa kusini, na mifugo mingi ilikufa njiani kwa baridi na mvua za Mau. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakaambiwa kwamba mapatano hayo ni kama ya dola na dola, na mahakama haina uwezo juu yake. (Jibu la ajabu kwa watu waliokwisha kunyang'anywa udola wao!) Hata Agosti 2004, miaka mia baada ya mapatano ya kwanza, wajukuu walikuwa bado wakiidai Laikipia.

Mambo ya Kitengela ni mengine, wala si haki kuyafananisha moja kwa moja. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa wafugaji hati ya pamoja, na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake mwenyewe. Hakuna askari aliyekuja na moto. Palikuja ukame, karo ya shule na gharama za hospitali, na ekari zikauzwa moja moja kwa hiari, kama ni hiari kweli kuuza wakati ng'ombe wamekufa. Viwanda vya Athi River vilileta wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji vyumba.

Badbea mawe yamebaki. Boma la Kimasai haliachi mawe. Huachа samadi, na juu ya samadi hiyo majani huota mabichi kuliko ya pembeni kwa miaka mingi, hata mzee aweza kumwonyesha mjukuu, "Hapa ndipo alipolala mama yangu." Mahali penye nyumba za kupangisha majani hayo hayapo tena.