Mvuvi wa Magunga hawezi kulipia matibabu ya mwaka mzima kwa mkupuo

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ili samaki hao wapate kuzaana. Marufuku hiyo ina sababu nzuri. Lakini kwa wakazi wa Magunga, mji wa soko katika eneo la milima ya Gwassi, Suba Kusini, na kwa fuo za Nyandiwa, Kisegi na zile za Karungu upande wa Migori, ni miezi minne ya mifuko mitupu: ya mvuvi, ya mwenye mashua, ya mama anayeanika na kuuza omena, ya mhudumu wa bodaboda na ya mwenye duka. Hata miezi inayobaki haina uhakika, kwa kuwa omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu nyavu hurudi nyepesi. Kila mtu huku anaujua mwendo huo wa kipato. Sheria ya bima ya afya haiujui. Inamtaka mtu asiye na mwajiri alipe mchango wa mwaka mzima kabla ya kuugua, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 zinazotolewa mara moja. Katika maeneo ya namna hii mchango huo unafaa kuondolewa. Serikali igharamie matibabu kutoka kwa kodi, na pesa zifike kwanza kwenye zahanati na kituo cha afya kilicho karibu na mgonjwa.

Sheria nne za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023 hazikukosa nia njema. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 1, 2024, kuna Hazina ya Afya ya Msingi inayopaswa kulipia matibabu ya ngazi ya 2 na ya 3 bila mgonjwa kutoa chochote, mradi amejisajili. Kikwazo kinaanza ngazi ya 4, ambako mama hupelekwa kupasuliwa uzazi unapokwama na mtoto hulazwa malaria inapompanda kichwani. Huko anayehudumiwa kwa bima ni yule aliyemaliza mchango wake wa mwaka. Kwa hiyo mkazi wa Gwassi anaweza kuwa na hospitali ya ngazi ya 4 papo hapo Magunga, akawa amejisajili jinsi alivyoambiwa, na bado mlango ukamkataa. Wizara ya Afya yenyewe imekiri mara kadhaa kwamba waliojisajili ni wengi mno kuliko wanaochangia. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa ukaidi. Mshahara wa mwalimu au karani hukatwa asilimia 2.75 kabla haujamfikia mkononi, wala haombwi aitafute pesa hiyo; mvuvi anatakiwa ajiwekee, abashiri, kisha alipe mwaka mzima kutoka kwa kipato cha usiku mmoja mmoja. Nchi zilizokuwa na wakulima na wachuuzi wengi kama sisi zililiona tatizo hili mapema. Thailand ilipoanzisha mpango wake wa afya kwa wote mwaka 2001 na 2002, haikuwafuata wasio na ajira rasmi kuwadai michango; iliwalipia kwa kodi.

Mtu asiyeamini kwamba huduma ya bure iliyo karibu inaweza kubadilisha maisha ya watu maskini hana haja ya kusafiri mpaka Asia. Aende Ndhiwa, jirani na Suba Kusini katika Kaunti ya Homa Bay. Mwaka 2012 uchunguzi uliofanywa huko na Madaktari Wasio na Mipaka ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya kila 4 alikuwa na virusi vya Ukimwi, na kati ya wote walioishi navyo ni takriban 4 tu katika kila 10 ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa na dawa. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2018, idadi hiyo ilikuwa imefika karibu 9 katika kila 10, na maambukizi mapya yalikuwa yamepungua. Watu wa Ndhiwa hawakuwa wametajirika katika miaka hiyo sita. Kilichobadilika ni namna huduma ilivyowafikia. Upimaji ulipelekwa nyumba kwa nyumba, dawa zilitolewa katika zahanati za kawaida badala ya hospitali kubwa peke yake, wanaume walitahiriwa bila malipo, na hakuna aliyeulizwa kama amemaliza mchango wa mwaka. Dawa hizo, ambazo Homa Bay ilianza kuzitoa bure tangu 2001 na serikali ikazifuta ada nchini kote mwaka 2006, humezwa kila siku kwa maisha yote. Hakuna tiba inayodai nidhamu kubwa kuliko hiyo, na watu wale wale wanaodhaniwa kwamba hawathamini afya wameifuata. Hili lilifanyika katika kaunti iliyokuwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 19.6 mwaka 2018, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.9.

Hoja kwamba kitu cha bure hakithaminiwi ni ya zamani, na Kenya imeipima mara mbili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, serikali ilianza kutoza ada katika hospitali za umma. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka kwa asilimia 60 na ya wanawake kwa asilimia 35. Huo ulikuwa wakati ambao Ukimwi ulikuwa ukienea kwa kasi, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa hurahisisha maambukizi yake. Ada ilikusudiwa kuokoa pesa za hazina, ikawafukuza wagonjwa ambao nchi ilihitaji zaidi kuwatibu. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2007, pale watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipolinganisha kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Baadhi zilitoa vyandarua vyenye dawa bure, nyingine ziliviuza kwa bei nafuu. Kwa bei ya shilingi 40 tu, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure nao walivitumia sawasawa na walionunua. Aliyezoea mshahara huiona shilingi 40 kuwa si kitu, na ndiyo maana wanaopanga ada hurudia kosa lile lile: hupima uwezo wa mtu kwa kiasi anachodaiwa, wakasahau siku anayodaiwa na mambo mengine yanayoigombea pesa hiyo hiyo siku hiyo.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa wahudumu wenyewe. Wanakumbuka Juni 2013, uzazi ulipotangazwa kuwa bure katika hospitali za umma na ada zikaondolewa zahanati na vituo vya afya. Akina mama walifurika, wauguzi hawakuongezwa kwa kiwango hicho, na pesa za kufidia ada zilizofutwa zikawa zinachelewa. Muuguzi aliyebaki peke yake zamu ya usiku, kabati la dawa likiwa tupu, ana haki ya kuuliza hilo neno bure lina maana gani. Nakubali kabisa kwamba kufuta ada bila kupeleka pesa ni kumhamishia muuguzi deni la serikali. Ila pingamizi hili likichunguzwa linatetea hoja yangu. Akina mama walikuja. Mahitaji yalikuwapo siku zote, yalizuiwa na bei tu. Kilichokosekana ni malipo ya wakati. Sheria ya mwaka 2023 ya fedha za uboreshaji wa vituo inavipa vituo vya umma haki ya kubaki na mapato yao na kuyatumia, badala ya kuyapeleka kwenye akaunti ya kaunti na kuyasubiri. Ikitekelezwa kikamilifu hadi zahanati ya mwisho, na Hazina ya Afya ya Msingi ikalipa kila mwezi bila kukosa, msimamizi wa zahanati ataweza kununua glavu na dawa za kuua viini bila kungoja saini ya mtu aliye Homa Bay mjini.

Kutoka vijiji vya milimani Gwassi, hata zahanati isiyotoza chochote ina nauli yake, na wakati wa mvua nauli hiyo huongezeka. Ndiyo sababu nusu ya kazi iko mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya vifaa, wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyosifiwa. Huko Lwala, Kamagambo Kaskazini katika Kaunti ya Migori, shirika la wenyeji lililofungua kliniki yake mwaka 2007 kwa juhudi za ndugu wawili waliosomea udaktari, Milton na Fred Ochieng', limeonyesha kazi hiyo inavyokwenda ikifanywa kwa dhati. Wahudumu, wakiwemo waliokuwa wakunga wa jadi, hupewa mafunzo, husimamiwa na hulipwa kwa kazi yao. Mkunga ambaye zamani angemzalisha mama nyumbani sasa ndiye anayemsindikiza kituoni. Posho inayokwama miezi kadhaa, kama ilivyotokea katika kaunti mbalimbali, haiwezi kuzaa uaminifu wa namna hiyo.

Pesa zitoke wapi? Swali hili huulizwa kana kwamba maskini hawachangii chochote. Mvuvi anayenunua petroli ya injini ya mashua hulipa ushuru wa mafuta na tozo ya barabara, sabuni na kadi ya simu zinatozwa kodi, na mama wa omena hulipa ushuru wa soko kila siku ya soko. Ameshachangia. Kinachodaiwa ni kwamba sehemu ya mchango huo imrudie kwa njia ya matibabu, kama viongozi wa Afrika walivyoahidi Abuja mwaka 2001 walipokubaliana kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, ahadi ambayo Kenya haijaitimiza. Gharama ya kukusanya nayo ni kubwa: kumfuata kila mvuvi kwa maswali ya paa la nyumba na idadi ya mifugo ili kukadiria mchango wake, halafu kumfuata tena alipe, ni kazi inayokula pesa nyingi kuleta kidogo. Uamuzi wa Oktoba 2025 wa serikali kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza unastahili pongezi, lakini unaacha kigezo kile kile cha kumchagua mtu mmoja mmoja. Pwani ya ziwa, tofauti kati ya aliyechaguliwa na jirani yake aliyeachwa yaweza kuwa mbuzi mmoja, na wavu ukichanika tofauti hiyo hutoweka. Mpango wa mikopo wa Lipa SHA Pole Pole nao unamwongezea deni mtu ambaye tatizo lake ni kukosa uhakika wa kesho. Ni heri wadi nzima zinazotegemea ziwa na shamba zilipiwe kwa pamoja, hata kama wachache wenye uwezo watanufaika humo.

Wizi nao upo. Mwaka 2025 wizara ilifunga vituo kadhaa vilivyodai malipo ya uongo. Hata hivyo, wizi wa madai ya bima hustawi pale ambapo karatasi huandikwa na mmoja, hulipwa na mwingine aliye mbali, na mgonjwa asijue chochote. Zahanati inayopokea kiasi kinachojulikana kila mwezi, kikabandikwa ukutani pamoja na orodha ya dawa zilizofika, husimamiwa na watu wanaoitumia, na kamati yake ina macho ya kijiji kizima. Muda wa kusubiri nao haupo: msaada wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, uliotikisika kuanzia Januari 2025, umezifanya kaunti hizi kuhofia kupoteza kile ambacho Ndhiwa ilikipata. Bunge la Kaunti ya Homa Bay na lile la Migori yanaweza kuanza na bajeti ijayo: kulinda fungu la dawa za zahanati lisihamishwe kulipia mambo mengine, na kutoa nusu yao ya posho za wahudumu wa jamii kila tarehe ya mwisho ya mwezi. Bunge la taifa nalo lirekebishe kanuni za SHA ili asiye na mshahara asiwe tena na deni la kulipa kabla ya kulazwa.