Tajikistan: Milima Mirefu, Mlango wa Msikiti Uliofungwa

Neno "bandari" tumelipata kutoka Kiajemi. Ajabu ni kwamba Watajiki, ambao lugha yao ni Kiajemi hicho hicho ingawa huiandika kwa herufi za Kirusi, hawana bahari wala bandari. Nchi yao, Tajikistan, imezungukwa na Uzbekistan, Kyrgyzstan, China na Afghanistan, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ardhi yake ni milima. Kilele cha Ismoil Somoni kina mita 7,495, ilhali Kilimanjaro ina mita 5,895.

Katika nchi ya namna hiyo shamba ni haba. Wanaume wengi huenda Urusi kufanya vibarua, na fedha wanazotuma ndizo zinazolisha nyumba. Watu wake, wapatao milioni 10, wengi ni Waislamu wa Kisunni wafuatao madhehebu ya Hanafi. Katika milima ya Pamir wamo Waismailia, wenzao wa hao tunaowajua hapa Afrika Mashariki.

Tajikistan ilipata uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, na mwaka uliofuata wananchi wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Makumi ya maelfu waliuawa. Suluhu ya 1997 iliwapa wapinzani, wakiwamo wa chama cha Kiislamu, asilimia 30 ya nyadhifa za serikali. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 2015. Mwaka 2016 kura ya maoni ikamwondolea Rais Emomali Rahmon, aliyeshika hatamu tangu 1992, ukomo wa vipindi vya kugombea. Mwanawe, Rustam, akawa Spika wa baraza la juu la bunge mwaka 2020.

Hatuidharau hofu ya taifa lililozika watu wengi kiasi hicho. Lakini hofu hiyo imeingia hadi ndani ya nyumba za watu. Sheria ya mwaka 2011 inawataka wazazi wawazuie watoto walio chini ya miaka 18 kwenda msikitini, isipokuwa kwa mazishi au kwa aliyesajiliwa rasmi kusoma dini. Mwaka 2024 ikaja nyingine, inayokataza mavazi "mageni kwa utamaduni wa taifa", na wanaovaa hijabu walielewa mara moja kwamba wanaambiwa wao.

Sisi tuliolelewa chuoni tangu utotoni tunajiuliza: baba yuko Moscow akibeba matofali, imamu haruhusiwi kumpokea mtoto, basi dini atafundishwa na nani? Mama atajitahidi. Kinachobaki ni simu, na humo kila mwenye kelele hujiita sheikh. Serikali inayoogopa siasa kali imemwondoa mwalimu anayejulikana mtaani, ikamwachia nafasi asiyejulikana.

Mwaka 2023 ulifunguliwa Dushanbe msikiti mkubwa mno, uliojengwa kwa msaada wa Qatar. Siku ya Ijumaa wazee huingia humo kwa maelfu, na wajukuu wao hubaki nyumbani.