Anayeuguza Naye Atazamwe

Mgonjwa wa kiharusi anaporejeshwa nyumbani Mlowo kutoka hospitali, majirani humiminika kumpa pole. Ni desturi njema. Lakini yule aketiye kando ya kitanda, mara nyingi binti au mkamwana, huulizwa jambo moja tu: mgonjwa anaendeleaje?

Kazi ya mtu huyo si ndogo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda. Kuna kumwogesha, kumlisha, kumfulia na kumpa dawa za presha zisizopaswa kukosekana hata siku moja. Msimu wa kahawa ukifika, shamba nalo humngoja yeye.

Baada ya miezi kadhaa dalili hujitokeza. Usingizi humpaa hata apatapo nafasi ya kulala, kichwa humgonga, husahau, hufoka kwa jambo dogo, kisha hujilaumu kwa kumfokea mzazi. Watu humwita mkorofi. Wapo wasemao amelogwa, na huo ni uvivu wa fikra. Mtu huyo ameelemewa, naye asiposaidiwa nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.

Shuleni na ofisini, mwalimu au karani achelewaye siku tatu mfululizo huandikiwa barua ya kujieleza kabla hajaulizwa kulikoni nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilitoa likizo ya malipo ya siku zisizopungua nne kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Kwa mzazi ilitaja kifo tu. Hata hivyo hicho ni kiwango cha chini, wala hakimkatazi mkuu wa kazi kuwa na utu. Kusogeza kipindi cha kwanza hakuhitaji waraka kutoka Dodoma.

Ndugu walioko Mbeya na Dar es Salaam hutuma fedha, pamoja na maagizo mengi kwa simu. Fedha ni msaada, ila hazimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Ndugu hao na waje kwa zamu, japo wiki moja moja, ili anayeuguza alale.

Mabalozi wa mashina wanazijua nyumba hizo. Wawaelekeze huko wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024. Na mwenye kipimo cha presha, akishampima mgonjwa, asikifungashe kabla ya kumpima anayemuuguza.