Aliyepasuliwa Uvimbe wa Sikio Asilazwe Tu

Kuna uvimbe unaoota ndani ya kichwa, kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Si kansa. Hukua polepole, mara nyingi milimita 1 au 2 kwa mwaka, yaani kama punje ya ulezi. Lakini ukiwa mkubwa husonga ubongo. Hapo madaktari huweza kuutoa kwa kupasua.

Leo nasema juu ya mgonjwa anayerudi nyumbani. Anayumba kama mlevi. Uso umekwenda upande. Sikio moja halisikii. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Jamaa zake wanamwonea huruma, wanamtandikia kitanda na kumwambia, "Lala tu Baba, usijisumbue." Huruma ya namna hiyo inamdhuru.

Mshipa ule una kazi mbili: kusikia, na kuusaidia mwili usianguke. Ukiharibika upande mmoja, ubongo hujifunza kutegemea sikio la pili, macho na nyayo. Lakini ubongo haujifunzi mtu akilala mchana kutwa. Hujifunza akitembea, akigeuza kichwa, akiketi na kuinuka. Kizunguzungu kitamjia, na hicho ndicho kinachoufundisha ubongo. Vidonge vya kizunguzungu vya dukani, akivimeza wiki baada ya wiki, huchelewesha mafunzo hayo.

Basi mshikeni mkono. Leo tembeeni naye mpaka mlangoni, kesho mpaka kwenye mwembe, wiki ijayo mpaka kwa jirani. Asiinue gunia wala ndoo mpaka daktari amruhusu. Usiku apewe taa na fimbo, kwa sababu gizani macho hayamsaidii. Na mtu huyu asipande mti.

Uso kwenda upande si uchawi. Mshipa unaoendesha uso unapita ubavuni mwa mshipa wa kusikia, nao huguswa wakati wa kupasua. Wengi hupata nafuu taratibu, pengine mwaka mzima. Wengine hawaponi kabisa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni jicho. Jicho lisilofumba hukauka, hupata kidonda, na mtu huweza kupofuka. Litiwe matone ya hospitali mara nyingi mchana. Usiku litiwe dawa ya mafuta ya macho, kisha lifungwe. Msitie majani wala maziwa ya mama, hata bibi akisisitiza.

Sikio lile mara nyingi halisikii tena. Semeni naye upande wa sikio zima. Barabarani hatambui pikipiki inatokea wapi, kwa hiyo asiachwe kuvuka peke yake siku za mwanzo.

Kuna jambo moja lisilongoja. Maji maangavu yakimtoka puani anapoinama, au yakitoka kwenye kidonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika akipata homa na shingo ikakakamaa. Msiseme ni mafua, hata kama wiki nyingi zimepita tangu apasuliwe.